Kioo Kilichokufa Taa

Tarime mjini, laptop ikifika kwa fundi ikiwa na kioo cheusi, kipimo cha kwanza ni tochi ya simu. Fundi huiwasha mashine, husikiliza kama feni inazunguka, kisha humulika tochi kwenye kioo kwa ubavu na kukitazama kwa karibu. Akiona picha kwa mbali, alama za Windows zipo ila hazina mwanga, anajua kioo chenyewe ni kizima. Kilichokufa ni taa ya nyuma yake. Mteja ataambiwa bei ya kioo kingine, maana kukifungua kioo ili kubadili taa peke yake ni kazi ndefu isiyolipa. Kile cha zamani kitaingia kwenye boksi chini ya meza, juu ya vingine vya aina yake, na kitakaa humo mpaka mnunuzi wa vyuma chakavu apite na mkokoteni.

Makala haya yanahusu boksi hilo, na yaliyofuata mwaka 2019 baada ya mtu mmoja kuuliza kama kioo kisicho na taa ni takataka kweli.

Aliyeuliza ni mwandishi wa makala haya, ambaye enzi hizo alikuwa akishinda kwenye kibanda cha fundi karibu na stendi, nusu kwa kujifunza kazi na nusu kwa kujikinga na mvua za Tarime. Fundi mwenyewe hatatajwa jina. Hata angetajwa isingesaidia: ukiita Chacha au Marwa katika mji ule, nusu ya mtaa itageuka. Alikuwa mtu wa maneno machache, kila kijana kwake alikuwa "mura", kama Wakurya wanavyoitana, na alishikilia kwamba kifaa hakifi chote kwa siku moja. Hilo hakulisoma popote. Alilitoa kwenye redio, simu na laptop alizozifungua miaka yote. Mazabodi ikiungua, kioo hubaki kizima. Kioo kikipasuka, taa yake huendelea kuwaka, na wapo mafundi wanaoigeuza taa ya kusomea. Betri ya laptop inayoitwa mbovu inaweza kuwa na seli sita, na mara nyingi zilizokufa ni moja au mbili. Anayekimbilia kununua kipya hulipia kila kitu upya, pamoja na vile ambavyo vilikuwa bado vinafanya kazi.

"Mura, hiki kina kila kitu ila jua," alisema, akikiinua kimoja kuelekea mlangoni.

Kauli ile ina sayansi ndani yake. Kioo cha laptop cha aina hii hakitoi mwanga wowote. Kazi yake ni kuuzuia au kuuachia. Kile alichokishika fundi kilikuwa cha inchi 14.1, cha laptop za miaka ya mwanzo ya 2000, zile zenye kioo kinachokaribia mraba. Kina nukta 1,024 kwa 768, na kila nukta imegawanywa sehemu tatu, nyekundu, kijani na buluu. Jumla yake ni vijidirisha zaidi ya milioni 2.3, kila kimoja na pazia lake. Pazia hilo ni fuwele kimiminika, maada ambayo Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea kutoka Austria, aliigundua mwaka 1888 akiwa Prague, alipokuwa akichunguza kemikali aliyoipata kwenye karoti. Alishangaa kuona kitu chake kinayeyuka mara mbili: kwenye nyuzi joto 145 hivi kinakuwa kimiminika chenye ukungu, na kwenye nyuzi 178 ukungu unatoweka ghafla na kimiminika kinakuwa safi kama maji. Msomaji aishike habari hiyo ya kuyeyuka mara mbili, kwa maana itakuja kuharibu mechi ya mpira huko mbele.

Katika ile hali ya ukungu, molekuli za fuwele kimiminika hujipanga kwa utaratibu, na umeme kidogo tu unatosha kuzigeuza. Zikiwekwa kati ya vichujio viwili vya mwanga, mwanga hupita au hukwama kutegemea zimegeukia wapi. Nyuma ya yote hayo ndipo inapokaa taa: kwenye laptop za zamani ni mrija mwembamba wa floresenti wenye zebaki kidogo ndani yake, unaowashwa kwa volti mia kadhaa, kwenye mpya ni mstari wa LED. Na anayetaka kukigeuza kioo hicho kuwa projekta, kama tulivyokusudia, kazi yake ya kwanza ni kuing'oa taa hiyo na kuiweka kando, kwa sababu mwanga wake haufiki ukutani. Kasoro iliyokifanya kioo kiitwe kibovu ni ya sehemu ambayo projekta haiitaki.

Kwa asili yake projekta ni chombo chepesi kukielewa. Muhtasari wa fizikia wa kidato cha tatu uliokuwa ukitumika wakati huo uliiweka katika mada moja na kamera, hadubini, darubini na jicho la binadamu. Wanafunzi waliichora kwa penseli: taa, lenzi ya kukusanya mwanga, slaidi iliyowekwa kichwa chini, lenzi ya kurushia, ukuta. Mchoro huo ni wa zamani mno. Christiaan Huygens, Mholanzi, alikuwa na taa ya namna hiyo mwaka 1659, na David Livingstone alibeba yake katika safari za Afrika, akiwaonyesha machifu picha za Biblia gizani. Nafasi ya slaidi ndiyo inayochukuliwa na kioo cha laptop.

Tatizo ni ukubwa. Slaidi ya kamera ina milimita 36 kwa 24. Kioo cha inchi 14.1 kina milimita 286 kwa 214. Lenzi ya kioo cha kawaida ya kukusanya mwanga kwa upana huo ingekuwa nene na nzito kiasi cha kuhitaji meza yake yenyewe. Njia ya kuukwepa uzito huo ilipatikana kwa ajili ya minara ya kuongozea meli: mwaka 1823, kwenye mnara wa Cordouan nchini Ufaransa, Augustin Fresnel alifunga lenzi iliyokatwa ngazi ngazi, ikabaki na mikunjo inayopinda mwanga na kuacha unene usio na kazi. Leo lenzi ya Fresnel huchapwa kwenye plastiki nyembamba yenye mistari ya duara, kama ya sahani ya santuri.

Tarime lenzi hiyo haiuzwi. Ilikuwepo lakini, ndani ya OHP.

Walimu wa miaka ya 1990 wanaikumbuka: projekta ya mezani, boksi lenye kioo juu, shingo ndefu na kichwa chenye lenzi na kioo cha kujitazamia, ambayo mkufunzi aliandikia kwenye karatasi za plastiki huku akiwatazama wanachuo. Zilipokuja projekta za kuunganishwa na kompyuta, OHP nyingi ziliingia stoo. Moja ilikuwa kwenye stoo ya chuo kimoja mkoani Mara, taa yake ya halojeni imeungua, na iliombwa ikatolewa bila masharti. Fundi alipopima uso wake kwa rula alicheka peke yake. Uso wa OHP ya kawaida una milimita 285 kila upande. Kioo kilikuwa na 286. Mtu angedhani watengenezaji wa laptop na wa OHP walikaa meza moja, na hawakukaa.

Basi vikawa vifaa viwili, kila kimoja kimekufa taa.

Kukivua kioo nguo zake ni kazi inayotaka mikono isiyotetemeka. Fremu ya bati hutoka kwanza, kisha mkanda wa gundi, kisha karatasi nyeupe za kusambaza mwanga, kipande kinene cha plastiki angavu, na ule mrija wa taa, ambao fundi aliutoa kwa mikono miwili na kuuweka kwenye chupa ya plastiki kwa sababu ya zebaki. Kinachobaki ni tabaka mbili za kioo zenye unene usiozidi milimita 2, na kibodi kirefu kilichokunjwa nyuma na kushikiliwa na tepe za shaba nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Hapo ndipo vioo vingi hufia. Ili mwanga upite, kibodi hicho lazima kikunjuliwe kilale pembeni, na tepe moja ikichanika picha hupata mstari wima usiofutika milele. Fundi alifanya kazi hiyo asubuhi, kabla ya chai, na aliwafukuza wote waliokuwa kibandani.

Ubongo wa mashine ulitoka Dar es Salaam kwa basi: bodi ndogo ya Kichina ya kuendeshea vioo, yenye matundu ya HDMI, VGA na AV. Bodi hizi hupangwa kufuata namba iliyo mgongoni mwa kioo, kwa hiyo kibandiko cha mgongoni hakitupwi. Fundi alikipiga picha kwanza kwa simu. Taa ya halojeni ilibadilishwa na LED moja ya wati 100, kipande cha ukubwa wa kiberiti kinachotumia volti 32 hivi, kikafungwa kwenye bati la kupozea la kompyuta ya mezani pamoja na feni yake. Bila bati hilo, LED ya namna hiyo hujiunguza ndani ya muda mfupi sana. Kioo chenyewe hakikulazwa moja kwa moja juu ya OHP. Kiliinuliwa kwa vijiti vya mbao ili hewa ipite chini yake, na feni nyingine ikawekwa ubavuni kukipulizia.

Picha ya kwanza ilikuwa ya ukurasa wa mipangilio, maandishi ya Kiingereza na alama ya kengele, na watu watatu waliitazama muda mrefu kana kwamba ni harusi ya ndugu yao.

Mtihani wa kweli ulikuja usiku wa Juni 27, 2019. Taifa Stars ilikuwa Misri kwenye fainali za Mataifa ya Afrika, mara ya kwanza tangu 1980, na usiku huo mpinzani alikuwa Kenya. Mechi ilianza saa tano usiku kwa saa zetu, saa ambayo hata projekta dhaifu ina haki ya kujaribu. Katika mji ulio jirani na mpaka wa Sirari, mechi ile haikuwa ya nchi mbili za mbali. Wakurya wako pande zote mbili. Kuna watu Tarime wenye wajomba Isebania, upande wa Kenya, na ng'ombe wa mahari wamevuka mpaka huo tangu kabla haujachorwa. Ua wa jirani yake fundi, wenye ukuta uliopakwa chokaa, ulijaa. Vibanda umiza vyenye runinga vilikuwepo mjini, lakini vilitoza kiingilio, na hapa palikuwa bure.

King'amuzi kiligoma kwa HDMI. Vingi huufunga mkondo huo kwa kinga ya kuzuia watu kunakili, na bodi za bei nafuu huwa haziielewi kinga hiyo. Nyaya tatu za AV, nyekundu, nyeupe na njano, zilikubali. Simon Msuva alifunga dakika ya 6 na ua ukalipuka. Mpira ulikuwa na mkia: vioo vya laptop za zamani ni vizito kubadili picha, basi kila pasi ndefu iliacha mchirizi hewani kama wa kimondo. Hakuna aliyejali. Michael Olunga alisawazisha, Mbwana Samatta akajibu karibu papo hapo, na timu zilienda mapumziko Tanzania ikiongoza 2 kwa 1.

Kipindi cha pili doa jeusi lilianza kuota katikati ya uwanja.

Lilianza dogo, kwenye duara la katikati, likawa linapanuka kuelekea lango la Kenya. Watu walidhani ni kivuli cha mtu, wakaanza kufokeana wakae chini. Fundi alijua. Aliondoa mkono wake juu ya boksi haraka, akaagiza mfuniko ufunguliwe na mtu apepee kwa ubao wa karatasi ngumu. Lile lilikuwa jambo la Reinitzer. Fuwele kimiminika ya laptop imechanganywa ili iwe na ukungu wake katika joto la kawaida, lakini ikipashwa kupita kiasi hufika kwenye kuyeyuka kwa pili: utaratibu wa molekuli hupotea, nazo haziwezi tena kuupitisha mwanga kati ya vile vichujio viwili. Sehemu hiyo huwa nyeusi kabisa. Habari njema ni kwamba ikipoa hurudi. Doa lilipungua, likawa la ukubwa wa ungo, kisha la sahani, kisha likatoweka. Lakini Johanna Omolo alikuwa ameshasawazisha, na dakika ya 80 Olunga alifunga la tatu kwa Kenya. Wapo waliosema doa lile lilikuwa mkosi. Wapo pia, wenye wajomba Isebania, walioshangilia mabao yote matano.

Joto lile lilitoka wapi? Ndilo swali lililomsumbua mwandishi kuliko matokeo ya mechi, na jibu lake ndilo somo kubwa la kazi nzima. Kichujio cha kwanza cha mwanga hula zaidi ya nusu ya kila kinachokifikia. Kilichobaki hukutana na rangi: kijidirisha chekundu hupitisha nyekundu na kumeza kijani na buluu, na wenzake hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo theluthi mbili nyingine zinakwenda. Kisha kuna nyaya na transista zilizopangwa kati ya nukta na nukta, nazo huziba njia. Mwisho wa safari, katika kila mia ya mwanga inayoingia kwenye kioo cha rangi cha laptop, zinazotoka upande wa pili ni tano mpaka nane. Tisini na kitu hubaki ndani, na mwanga ukibaki ndani ya kitu huwa joto. Ukiongeza taa ili picha ing'ae, unakipika kioo. Ukiipunguza, unatazama mpira wa vivuli.

Kwenye laptop hasara hiyo haisumbui, kwa kuwa mtumiaji anakitazama kioo kwa karibu na eneo la kumulika ni dogo. Baadhi ya watengenezaji wa projekta za madukani waliikwepa kwa njia nyingine. Tangu Epson walipotoa projekta yao ndogo ya rangi mwaka 1989, wazo lao limekuwa kuugawa mwanga kwa vioo maalumu kuwa nyekundu, kijani na buluu, kila rangi ikapitishwa kwenye kioo chake kidogo kisicho na rangi, kisha zikaunganishwa tena kabla ya kutoka. Theluthi mbili zile hazimezwi. Ni ufundi ambao kibanda cha Tarime hakiuwezi, na ni haki kukiri kwamba hela anayolipa mnunuzi wa projekta ya duka ina kazi ya kweli ndani yake.

Kwa maana hiyo, anayeandika kwamba unaweza kutengeneza sinema ya nyumbani kwa takataka na kusahau runinga anawadanganya watu. Mashine ile ilikula wati 115 hivi, taa na bodi na feni kwa pamoja. Runinga ya LED ya inchi 32 hula chini ya nusu ya hapo na hutazamika mchana. Mwenye kibanda umiza anayehesabu yuniti za umeme wa LUKU hahitaji kuelezwa zaidi. Faida ya mashine ilikuwa mahali pengine, na aliyeigundua ni mwalimu.

Alikuja kutoka wilaya ya Serengeti kufuata laptop ya shule. Anafundisha fizikia katika sekondari isiyo mbali na Mugumu, na alipoliona lile boksi mezani aliinama, akatazama chini, juu, ubavuni, kisha akasema maneno ambayo fundi aliyarudia wiki nzima.

"Fundi, huu mchoro nimeuchora ubaoni tangu nianze kazi. Sijawahi kuugusa."

Mashine ilisafirishwa kwa gari aina ya Noah, ikiwa imefungwa ndani ya godoro la mtoto, kupitia Nyamwaga na Nyamongo, ikavuka Mto Mara hadi Mugumu. Madirisha ya darasa yalizibwa kwa mablanketi ya bweni. Mwalimu hakuanza na picha. Alianza kwa kuitoa lenzi ya kichwa cha OHP, akaitumia kunasa kwenye karatasi nyeupe taswira ya mandhari ya mbali nje ya mlango uliokuwa wazi, na wanafunzi wakapima umbali: sentimita 31 na nusu. Hiyo ndiyo fokasi. Kisha akawapa hesabu. Kioo kina upana wa sentimita 28.6, tunataka picha ya upana wa mita 2, mashine isimame wapi? Kukuza ni mara 7. Fokasi mara 8, yaani 7 jumlisha 1, ni mita 2 na nusu. Walipima kwa futi kamba, wakaweka alama sakafuni kwa chaki, wakaisogeza mashine juu ya alama na kuiwasha. Ilihitaji kuguswa kidogo tu ili picha ikae sawa. Darasa lilipiga kelele ambazo Taifa Stars ingezitamani.

Alikuwa pia na ukanda wa kichujio alioubandua fundi kwenye kioo kilichopasuka. Aliuweka juu ya kioo cha projekta na kuuzungusha polepole: ukutani, kipande cha picha kikafifia, kikazima kabisa, kikarudi. Polaraizesheni, ambayo kwa kawaida huelezwa kwa kamba na uzio wa miti, ilieleweka kwa muda wa kuzungusha kidole. Na mwanafunzi mmoja, msichana wa dawati la nyuma, aliuliza swali ambalo halikuwa kwenye andalio la somo: projekta inarushaje rangi nyeusi? Mwalimu alilirudisha kwa darasa, na ubishi uliofuata ulichukua muda wote uliobaki. Jibu walilifikia wenyewe, kwamba hairushi. Nyeusi ni ukuta wenyewe, mahali ambapo mwanga haukufika, ndiyo maana picha ilikuwa mbaya zaidi kila blanketi la dirishani lilipofunuka.

Mwishoni walionyeshwa video ya nyumbu wakivuka mto. Kuna mambo ya kufikirisha katika hilo. Serengeti ni miongoni mwa sehemu zilizopigwa filamu nyingi zaidi Afrika. Filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, ambaye alifariki kwa ajali ya ndege Januari 1959 wakati kazi ikiendelea, ilitoka mwaka huo na kushinda tuzo ya Oscar mwaka 1960. Hayo yalikuwa yanatazamwa katika majumba ya sinema ya Ulaya na Marekani wakati ambapo Tanganyika haikuwa na runinga. Tanzania Bara ilipata kituo chake cha kwanza mwaka 1994 tu. Katika darasa lile, lililo jirani na hifadhi, walikuwepo wanafunzi waliokuwa wakiwajua nyumbu kwa habari za shamba na za askari wa wanyamapori zaidi kuliko kwa picha.

Picha za kurushwa ukutani zilifika nchini mapema kuliko runinga, ila zilifika na kuondoka. Kati ya 1935 na 1937 palikuwa na mradi uliojulikana kwa kifupi kama BEKE, wenye makao Vugiri katika milima ya Usambara, ukiongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham kwa fedha ambazo sehemu kubwa zilitoka shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu za kufundisha kilimo, afya na kuweka akiba, wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na mpaka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Sauti waliiweka kwenye sahani za santuri ili iweze kubadilishwa kwa lugha ya mahali. Lori lilikuja jioni, umati ukakusanyika, asubuhi halikuwepo. Baadaye zikaja kanda za video na sauti za watafsiri kama Lufufu, na kwa upande wa Kenya DJ Afro, waliozifanya sinema za Hong Kong na Hollywood ziongee Kiswahili ndani ya vibanda. Hizo zilikaa, na watu walizifanya zao. Lakini kifaa chenyewe kiliendelea kuwa boksi lililofungwa skrubu. Mashine ya Tarime, pamoja na umasikini wake wa mwanga, ilikuwa wazi: unaona taa, unaona lenzi, ukitia mkono njiani unaona mkono wako.

Hoja ya takataka nayo ipo, ingawa isikuzwe. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa 2024 ilikadiria taka za kielektroniki duniani mwaka 2022 kuwa tani milioni 62, na zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo ni asilimia 22.3. Tanzania ilitunga kanuni zake za taka za vifaa vya umeme na elektroniki mwaka 2021, chini ya sheria ya mazingira. Boksi moja la vioo chini ya meza halibadilishi takwimu hizo. Linachobadilisha ni mrija wa zebaki uliowekwa kwenye chupa badala ya kuvunjwa na mtoto kwenye dampo, na jambo hilo, katika mtaa ule, si dogo.

Fundi alipata kitu kingine ambacho hakukitarajia: wateja. Mwalimu mmoja alizungumza na mwenzake, shule zikaanza kumletea vifaa vya maabara, mizani na vipima umeme, vilivyokuwa vimekaa kabatini. Watu wakimwona fundi akitengeneza kitu kipya humletea matatizo yao mapya. Tarime ilikuwa hivyo hivyo kwa kipimo chake.

Mashine haikudumu. Kichujio cha chini kiligeuka rangi ya chai katikati, kwa joto lililojikusanya kidogo kidogo, na kwenye picha kila anga likawa la jioni. Fundi aliifungua na kuigawa. LED ilikwenda kuwa taa ya ua. Lenzi ya Fresnel aliichukua mwalimu, ambaye huitumia kuchoma karatasi kwa jua mbele ya kidato cha kwanza. Ile bodi ya Kichina ilipangwa upya, ikawa inaendesha kioo kingine, kilichopona na taa yake, kama runinga ndogo juu ya meza ya fundi.

Mwalimu aliomba atengenezewe nyingine, safari hii kwa kioo cha laptop ya kisasa cha inchi 15.6. Fundi alikipima, milimita 344, akatikisa kichwa. Hakikai kwenye OHP, na vioo vya siku hizi vinataka bodi ya aina nyingine, yenye nyaya chache zaidi. Ingebidi kutengeneza boksi zima la mbao na kuagiza lenzi mbili kubwa za Fresnel, moja kabla ya kioo na nyingine baada yake.

"Au mwalimu niletee laptop za zamani, zile pana. Usiangalie kama zinawaka," alisema, na akamwandikia kwenye kipande cha boksi namba za mgongoni za kutafuta.